Miaka Tisa Kati ya Mataji Mawili: Historia ya Evonne Goolagong

Evonne Fay Goolagong alizaliwa tarehe 31 Julai 1951 katika mji wa Griffith, jimbo la New South Wales nchini Australia, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanane wa Ken na Linda Goolagong. Familia yake ni ya Wawiradjuri, mojawapo ya jamii kubwa za wenyeji wa asili wa Australia, ambao tangu kale makao yao ni nyanda za mito katikati ya jimbo hilo. Ken alikuwa fundi wa kukata manyoya ya kondoo, kazi inayomtaka mtu azunguke shamba hadi shamba kufuata msimu. Familia ilikaa Barellan, mji mdogo wa wakulima wa ngano wenye wakazi mia kadhaa tu, ambako familia za wenyeji wa asili zilikuwa za kuhesabika.

Wakati huo mtoto wa wenyeji wa asili hakuwa na uhakika wa kulelewa na wazazi wake. Bodi ya serikali ya jimbo iliyosimamia mambo ya wenyeji hao ilikuwa na mamlaka ya kuwatoa watoto majumbani na kuwapeleka katika vituo au kwa familia za Wazungu, kwa hoja kwamba wangejifunza kuishi kama Wazungu. Bodi hiyo ilivunjwa mwaka 1969, wakati Goolagong anakaribia kutimiza miaka 18. Waliochukuliwa kwa namna hiyo leo wanaitwa Vizazi Vilivyoibwa, na wapo waliozeeka bila kujua makaburi ya mama zao yako wapi. Goolagong amesimulia kwamba gari zuri lisilojulikana lilipoonekana likija njia ya kwao, mama yake aliwaambia watoto wajifiche kabla mtu wa serikali hajawachukua. Yeye alijipenyeza chini ya kitanda, akatulia huko mpaka hatari ipite. Ushindi wote uliofuata ulikuwa wa mtoto aliyeanza maisha kwa kujificha.

Kifaa chake cha kwanza cha kuchezea hakikuwa raketi. Kilikuwa kipande cha ubao wa kasha la matunda, na kwa ubao huo alipiga mpira ukutani, ukarudi, akaupiga tena, hadi giza likaingia. Barellan ilikuwa na viwanja vya tenisi vya klabu iliyojengwa kwa kumbukumbu ya waliokufa vitani, navyo havikuwa mbali na nyumbani kwao. Mzee mmoja wa mji, Bill Kurtzman, alimwona akichungulia kwenye uzio akitazama wengine wakicheza, akamwambia aingie naye acheze. Katika miji mingi ya Australia ya miaka hiyo mtoto mweusi alizuiwa hata kuogelea katika bwawa la mji, kwa hiyo neno hilo la Kurtzman lilikuwa na uzito ambao pengine mwenyewe hakuufikiria. Watu wa Barellan waliendelea hivyo hivyo: walichangishana fedha za nauli, nguo na vifaa ili binti wa mkata manyoya aende kushindana katika miji mingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, makocha wawili wa shule ya tenisi ya Vic Edwards ya Sydney walifika Barellan kuendesha mafunzo ya likizo. Walichokiona kiliwafanya wamwite mkuu wao aje ajionee mwenyewe. Edwards alikuja, akaona msichana asiyejua kanuni nyingi za mchezo lakini anayefika kwenye mpira mapema kuliko wenzake wote, tena bila kuonekana anakimbia. Alianza kumchukua Sydney wakati wa likizo, na baadaye Goolagong akahamia huko moja kwa moja, akaishi na familia ya Edwards na kusoma sekondari ya wasichana ya Willoughby. Edwards akawa kocha wake, meneja wake na mlezi wake kisheria. Alitabiri kwamba msichana huyu angetwaa ubingwa wa Wimbledon mwaka 1974, utabiri ambao wengi waliona ni majigambo ya mwalimu. Ulikosea kwa miaka mitatu, maana ushindi ulikuja mapema.

Mwezi Mei 1967, Goolagong akiwa bado mwanafunzi, Waaustralia walipiga kura ya maoni kubadilisha katiba ili wenyeji wa asili wahesabiwe katika sensa ya taifa na serikali kuu iweze kutunga sheria kwa ajili yao. Zaidi ya asilimia 90 walikubali. Miaka minne baadaye jina la mmoja wa wenyeji hao lilikuwa katika kurasa za mbele za magazeti ya London.

Uchezaji wake unahitaji kuelezwa, kwa sababu ndio uliompa wapenzi wengi hata katika miaka ya kushindwa. Hakuwa na nguvu za Margaret Court, Mwaustralia mwenzake aliyetawala tenisi ya wanawake wakati huo, wala ukali wa Billie Jean King wa Marekani. Silaha yake ilikuwa wepesi wa miguu. Alitoka mwisho wa uwanja hadi kwenye wavu kwa hatua chache laini, akaupiga mpira hewani kabla haujadunda, na pigo lake la mkono wa nyuma lilikuwa miongoni mwa mazuri kuliko yote ya kizazi chake. Udhaifu wake ulikuwa mpira wa pili wa kuanzisha, ambao ulikuwa mwepesi na wapinzani wakubwa waliuvizia. Mchezo wa aina hiyo ulifaa hasa viwanja vya nyasi, ambapo mpira huteleza na kudunda chini. Hadi 1974, mashindano matatu kati ya manne makubwa ya dunia, yaani ya Australia, Wimbledon na Marekani, yalichezwa juu ya nyasi. Ufaransa peke yake ndiyo iliyotumia udongo.

Mwaka 1971 ulianza kwa somo chungu. Katika fainali ya Australia aliongoza 5-2 katika seti ya tatu dhidi ya Court, kisha misuli ikamkaza na ushindi ukamponyoka: 2-6, 7-6, 7-5. Mwaka huohuo alicheza Afrika Kusini, ambako serikali ya ubaguzi wa rangi ilimpa hadhi ya “Mzungu wa heshima” ili aruhusiwe kukaa na kucheza mahali ambapo watu wa rangi yake walikatazwa. Alilaumiwa kwa safari hiyo, na lawama hizo zilikuwa na msingi. Lakini aliyelaumiwa alikuwa msichana wa miaka 19 ambaye ratiba yake yote ilipangwa na mtu mwingine, na hilo nalo halipaswi kusahauliwa.

Kisha ikaja Paris. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza mashindano ya Ufaransa, tena kwenye udongo ambao haukuwa uwanja wake. Alifika fainali, akamshinda Helen Gourlay, Mwaustralia mwenzake, 6-3, 7-5. Wiki chache baadaye alikuwa Wimbledon. Mwaka mmoja kabla, alipokanyaga kwa mara ya kwanza Uwanja wa Kati wa Wimbledon, alizidiwa na ukubwa wa mahali penyewe na kutolewa katika raundi ya pili. Safari hii alimtoa Nancy Richey katika robo fainali na Billie Jean King katika nusu fainali, 6-4, 6-4. Tarehe 2 Julai 1971 akakutana tena na Court, mwanamke ambaye utotoni alikuwa mfano wake wa kuigwa. Goolagong aliingia na gauni jeupe lililoshonwa na mbunifu Ted Tinling, lenye pindo la mawimbi kama petali za ua. Alicheza kama aliyekuwa uwanjani Barellan. Fainali ilikwisha 6-4, 6-1, na bingwa mpya alikuwa hajatimiza miaka 20.

Zawadi ya bingwa wa kike mwaka huo ilikuwa pauni 1,800. Bingwa wa kiume alipata pauni 3,750. Nyumbani alitangazwa Mwaustralia wa Mwaka wa 1971, na mwaka uliofuata alipewa nishani ya MBE ya Uingereza. Barellan, ambako watu walikuwa wamechanga senti zao, walipata haki ya kusema kwamba fedha yao haikupotea.

Miaka mitano iliyofuata ndiyo yenye takwimu za ajabu kuliko zote za maisha yake. Alifika fainali ya Wimbledon mwaka 1972, akashindwa na King. Alifika tena 1975, akashindwa na King huyohuyo, 6-0, 6-1. Mwaka 1976 alishindwa na Chris Evert katika fainali iliyofika 8-6 katika seti ya tatu. Marekani alifika fainali miaka minne mfululizo, 1973, 1974, 1975 na 1976, na zote nne akashindwa: na Court, na King, kisha mara mbili na Evert. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kupoteza fainali nne za Marekani kwa mfululizo. Kwa jumla alicheza fainali 18 za mashindano makubwa kwa mchezaji mmoja mmoja, akashinda 7 na kupoteza 11.

Watangazaji na waandishi walipata maelezo ya haraka. Kila alipopoteza gemu mbili tatu mfululizo walisema “ametoka kwenda kutangatanga”, wakitumia neno ambalo Waaustralia hulitumia kwa safari za wenyeji wa asili porini. Neno hilo lilirudiwa kwa mzaha, tena na watu waliompenda, lakini lilibeba dhana kwamba akili ya mtu wa damu yake haiwezi kutulia mahali pamoja. Mchezaji wa Kizungu aliyepoteza gemu tatu mfululizo aliambiwa amechoka, au mpinzani amepata nguvu mpya. Ukitazama orodha ya waliomshinda, maelezo ya kweli ni rahisi: Court, King na Evert ni miongoni mwa wachezaji bora kuliko wote katika historia ya mchezo huo, na ili kushindwa nao katika fainali mara nyingi hivyo, ilibidi kwanza awashinde wengine wote mara nyingi hivyo.

Wala miaka hiyo haikuwa ya kushindwa tu. Alikuwa bingwa wa Australia mara tatu mfululizo: 1974 dhidi ya Evert, 1975 dhidi ya Martina Navratilova na 1976 dhidi ya Renáta Tomanová. Taji la 1975 lilikuja baada ya msiba mzito, kwani baba yake alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1974. Akiwa na Peggy Michel alishinda ubingwa wa Wimbledon wa wachezaji wawili wawili mwaka 1974, na katika timu ya taifa alisaidia Australia kutwaa Kombe la Shirikisho mwaka 1971, 1973 na 1974.

Mwezi Juni 1975 aliolewa na Roger Cawley, Mwingereza aliyewahi kucheza tenisi katika ngazi ya vijana. Ndoa hiyo ilibadilisha mengi. Edwards, aliyekuwa ameshika kazi yake, fedha zake na safari zake tangu utotoni, hakuwa tena mwenye kauli ya mwisho, na baada ya muda mfupi ushirikiano wao ulikwisha. Goolagong alikuwa ameishi nyumbani kwa watu wengine tangu ujana wake wa mwanzo. Akiwa na miaka 24 alianza kupanga mambo yake mwenyewe.

Mwaka 1976 ulikuwa mwaka wake bora kwa mtiririko wa mchezo. Mwezi Aprili, mjini Los Angeles, alimshinda Evert katika fainali ya mashindano ya Virginia Slims yaliyokusanya wachezaji bora wa msimu. Kwa pointi alizopata siku hiyo alipanda kuwa namba moja duniani kwa wiki mbili, kuanzia tarehe 26 Aprili. Ila hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Viwango vya wachezaji vilihesabiwa kwa kompyuta tangu mwaka uliotangulia, na baadhi ya kumbukumbu za makaratasi hazikuingizwa. Kosa hilo liligunduliwa mwishoni mwa 2007, miaka 31 baadaye, na chama cha tenisi cha wanawake, WTA, kikamtambua rasmi. Kwa mpangilio wa miaka, yeye ndiye mwanamke wa pili kushika nafasi hiyo, baada ya Evert. Wiki mbili hizo zilicheleweshwa zaidi ya robo karne kabla ya kumfikia mwenyewe, akiwa na miaka 56.

Tarehe 12 Mei 1977 alijifungua binti, Kelly. Desemba mwaka huohuo alikuwa Melbourne akicheza mashindano ya Australia, na miezi saba tu baada ya kujifungua akalitwaa taji hilo kwa mara ya nne, akimshinda Helen Gourlay, aliyekuwa amepambana naye Paris mwaka 1971. Mwili, hata hivyo, ulianza kudai. Katika miaka miwili iliyofuata majeraha yalimsumbua mara kwa mara. Wimbledon alifika nusu fainali 1978 na 1979, akaishia hapo. Wengi waliamini siku zake zimekwisha. Ulimwengu wa tenisi haukuwa umezoea akina mama. Court alikuwa ameonyesha mwaka 1973 kwamba mama anaweza kutwaa mataji makubwa, lakini Wimbledon haikuwa imempata bingwa aliye mama tangu Dorothea Lambert Chambers mwaka 1914, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka 1980 alikwenda London akiwa na miaka 28, mume na mtoto wa miaka mitatu. Njia haikuwa laini. Katika raundi ya nne alipoteza seti ya kwanza kwa Hana Mandlíková, kijana wa Czechoslovakia, kabla ya kugeuza mambo. Akamtoa Wendy Turnbull, Mwaustralia mwenzake. Nusu fainali ilimkutanisha na Tracy Austin, Mmarekani wa miaka 17 aliyekuwa bingwa wa Marekani. Seti ya kwanza ilikuwa ya Goolagong, 6-3. Ya pili hakupata gemu hata moja. Hapo ndipo wale waliokuwa na neno la “kutangatanga” walikuwa tayari kulitoa tena. Badala yake alitulia, akacheza seti ya tatu gemu kwa gemu na kuimaliza 6-4.

Ijumaa tarehe 4 Julai alikuwa tena Uwanja wa Kati, na upande wa pili alikuwepo Evert, wakati huo akitumia jina la Evert Lloyd, bingwa wa Wimbledon wa 1974 na 1976, aliyemfunga katika fainali miaka minne iliyopita. Goolagong alimshangaza kwa kasi ya mwanzo. Alikwenda kwenye wavu kila alipopata nafasi, akakatiza mipira mirefu ya Evert kabla haijampa mwendo wake wa kawaida, na seti ya kwanza ikaisha 6-1. Katika seti ya pili Evert alirudi kama ilivyotarajiwa. Gemu zilifuatana hadi 6-6, wakaingia katika taibreki, mchezo mfupi wa kuamua seti unaoshindwa na anayetangulia kufika pointi 7 akiwa mbele kwa pointi mbili. Goolagong aliushinda 7-4. Ilikuwa mara ya kwanza kwa fainali ya wanawake Wimbledon kumalizika kwa taibreki, na mara ya kwanza katika miaka 66 kwa mama kutwaa ubingwa huo.

Kesho yake Björn Borg na John McEnroe walicheza fainali ya wanaume yenye taibreki maarufu ya pointi 34, na vitabu vingi vinapoutaja mwaka 1980 huanza na kuishia hapo. Ni hasara kwa msomaji. Mwanamke aliyerudi kileleni baada ya miaka tisa, akiwa amezaa, ameumia na ameandikwa kuwa amekwisha, alifanya jambo lisilo na mfano katika kizazi chake. Lilikuwa taji lake la saba la mashindano makubwa kwa mchezaji mmoja mmoja, na la mwisho. Ukijumlisha mataji 6 ya wawili wawili na moja la mchanganyiko wa mwanamke na mwanamume, alilopata Ufaransa mwaka 1972 akiwa na Kim Warwick, jumla ni 14.

Mtoto wa pili, Morgan, alizaliwa 1981. Mwaka 1982 Goolagong alipewa nishani ya heshima ya Australia, na 1983 aliacha mashindano. Familia iliishi Marekani kwa miaka kadhaa. Mwaka 1988 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Tenisi ulioko Newport, Rhode Island.

Kifo cha mama yake mwaka 1991 kilimrudisha Australia. Alikwenda kumzika, akakuta ndugu wengi asiowajua na habari za ukoo ambazo hakuwahi kuambiwa. Waliomlea Sydney walikuwa wamemfundisha tenisi na adabu za mezani. Uwiradjuri wake haukuwa sehemu ya masomo. Yeye na Roger walihamia Noosa, katika pwani ya Queensland, naye akaanza kuutafuta upande huo wa maisha yake, safari aliyoieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1993. Kuanzia hapo kazi yake kubwa imekuwa watoto wa wenyeji wa asili. Alikuwa balozi wa michezo katika jamii zao, na mwaka 2005 ilianzishwa kambi ya taifa yenye jina lake inayowapa watoto hao mafunzo ya tenisi na kuwahimiza wabaki shuleni. Mwaka 2018 alipandishwa hadi ngazi ya juu kabisa ya nishani ya heshima ya nchi yake.

Mwaka 2009, Barellan ilipoadhimisha miaka mia moja, ilisimamisha katika bustani ya mji sanamu ya raketi ya mbao kama zile alizotumia, yenye urefu wa karibu mita 14. Miaka 12 baadaye, Julai 2021, Ashleigh Barty, Mwaustralia wa jamii ya wenyeji wa Ngarigo, aliingia Wimbledon na vazi lenye pindo la mawimbi lililoiga gauni la 1971, akatwaa ubingwa katika mwaka wa hamsini tangu ushindi ule wa kwanza. Januari 2022 Barty alishinda pia Melbourne, Mwaustralia wa kwanza kushinda nyumbani kwa mchezaji mmoja mmoja tangu 1978. Hakuwa ameambiwa nani angemkabidhi kombe. Aliyetokea uwanjani kulileta alikuwa Evonne Goolagong Cawley, akiwa na umri wa miaka 70.